Msaada Unaochelewa: Kazi za Video Vyuoni

"Andaeni video ya dakika tano kuhusu mada yenu, mtume kabla ya Ijumaa saa sita usiku." CR, yaani mwakilishi wa darasa, akishabandika tangazo la namna hiyo kwenye kundi la WhatsApp la darasa, maswali hufumuka. Simu ishikwe wima au ilazwe? Lazima sura zetu zionekane? Ni Kiingereza tu, au hata Kiswahili kinaruhusiwa? Inatumwa wapi, maana mfumo unakataa mafaili makubwa? Alama ni za maudhui au za urembo? CR hana majibu, na si kosa lake. Aliyetoa kazi naye hajayawaza.

Kazi za video zimeingia kwa kasi katika vyuo vya Afrika Mashariki, na sababu zake zinaeleweka. Simu janja imefanya kamera iwe kitu cha mfukoni. Korona ilipofunga vyuo Machi 2020, wahadhiri ambao hawakuwahi kurekodi chochote walijikuta wakifundisha na kupima kupitia skrini. Tanzania ilifungua vyuo 1 Juni mwaka huo, Kenya ikachelewa zaidi, na kote mazoea yakabaki. Kisha Novemba 2022 ikaja ChatGPT, na insha inayoandikiwa bwenini ikapoteza uzito wake kama ushahidi kwamba mwanafunzi ameelewa. Mhadhiri aliyechoka kusoma insha zinazofanana kama zimetoka kinywa kimoja aliona heri amsikie mtu akieleza mwenyewe.

Sina ugomvi na uamuzi huo. Ugomvi wangu uko kwenye msaada. Chuo kikiamua kuwasaidia wanafunzi, hatua ya kwanza huwa semina ya kuhariri: anaitwa kijana hodari wa CapCut au KineMaster, anaonyesha namna ya kukata, kuunganisha na kuweka maandishi yanayoruka. Ukumbi unajaa, watu wanafurahi, na video za muhula huo zinakuwa mbovu vilevile, ila sasa zina maandishi yanayoruka. Video ikishafika kwenye kuhariri, mengi yameshaamuliwa huko nyuma: swali lilivyoulizwa, maelezo yalivyopangwa, sauti ilivyonaswa. Msaada unaokuja hatua ya mwisho unamkuta mwanachuo ameshakwama.

Inafaa kukumbuka kwamba kazi ya video si uvumbuzi wa kizazi cha TikTok. Mwaka 1963, katika Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani, Dwight Allen na wenzake walianzisha utaratibu wa kuwafundisha walimu kwa vipindi vifupi vinavyorekodiwa. Mwalimu mtarajiwa anafundisha dakika chache mbele ya wanafunzi wachache, anatazama mkanda wake pamoja na msimamizi, anarekebisha, anafundisha tena. Utaratibu huo ulienea duniani, na hata vyuo vyetu vya ualimu bado vinautumia kuwaandaa wanachuo kabla ya mazoezi ya kufundisha (BTP), ingawa mara nyingi bila kamera. Katika mpango wa Stanford mkanda ulikuwa kioo cha mwalimu kujitazama. Hakuna aliyetoa alama kwa uzuri wa picha.

Leo neno "video" limebeba kazi zisizofanana hata kidogo. Ipo video ya kujitazama, kama hiyo ya mwalimu mtarajiwa. Ipo ya kuthibitisha ustadi: mwanafunzi wa uuguzi anafunga kidonda cha bandia, mwanafunzi wa ufundi stadi wa VETA anachomelea chuma au anafunga saketi ya umeme. Ipo ya kueleza dhana, ambapo mtu anafafanua mfumuko wa bei au usanisinuru kwa dakika tatu. Na ipo ya kwenda mitaani, kuhoji watu na kurudi na habari, ambayo ndiyo kazi halali ya wanafunzi wa uandishi wa habari. Ya kwanza inahitaji simu iegemezwe mahali na mtu wa kuitazama pamoja nawe. Ya pili inahitaji mikono ionekane karibu, bila kukatwakatwa, kwa sababu ukikata hakuna ajuaye kilichotokea katikati. Ya tatu ni kazi ya kuandika kabla ya kuwa kazi ya kurekodi. Ya nne ndiyo pekee inayodai uhariri wa maana, pamoja na barua ya utambulisho ya chuo ya kumwonyesha mwenyekiti wa serikali ya mtaa kabla hujatoa kamera. Anayezisaidia zote kwa semina moja ya kuhariri amesaidia robo ya kazi, tena robo ambayo wengi hawakupewa.

Tuanze na swali, kwa kuwa hapo msaada ni rahisi kuliko popote. "Tengenezeni video kuhusu rushwa" si swali. Mwanachuo akipewa hilo ataanza na maana ya rushwa, atapita kwenye aina zake, sababu zake na madhara yake, na atamaliza kwa kuiomba serikali ichukue hatua. Ni desa lile lile, yaani notisi za kukariri, safari hii limesomwa kwa sauti. Linganisha na hili: "Chagueni ofisi moja ambayo raia hulipia huduma. Mwonyesheni mtu asiyewahi kufika pale ni hatua ipi katika utaratibu wake inayotoa mwanya wa rushwa, na kwa nini ni hiyo." Hapo kundi lina pa kuanzia, lina mtu wa kuongea naye, na dakika tano zinaonekana chache. Swali lililobanwa humpunguzia mwanafunzi nusu ya mahangaiko kabla hajashika simu.

Baada ya swali kuna andiko. Wengi hudhani kwamba kwa kuwa ni video, kuandika kumekwisha. Matokeo yake mtu anasimama mbele ya kamera, anaanza, anasahau, anaanza tena, na jioni inaisha. Ukurasa mmoja wa A4 unatosha takriban dakika tatu za kuongea kwa utulivu. Asome kwa sauti huku saa inahesabu, apunguze, asome tena. Tatizo la pili ni macho. Anayesoma kutoka kwenye karatasi nyuma ya simu huonekana anasoma, hasa akisoma Kiingereza ambacho hakiongei kila siku. Tiba ni mbili, na mhadhiri anapaswa kuzitaja zote. Ama aandike yote kisha abakize maneno matano kwenye kipande cha karatasi na aongee kwa kichwa, ama aache sura kabisa: arekodi sauti akisoma kwa utulivu, kisha aiweke juu ya picha, michoro na ramani. Njia ya pili huonwa kama ya wavivu. Mimi naiona ndiyo ya haki zaidi kwa wengi, kwa sababu inampa asiye na ufasaha wa papo hapo nafasi ya kupima maneno yake kama alivyozoea kwenye insha.

Lugha yenyewe iwekwe wazi. Vyuo vikuu vya Tanzania hufundisha kwa Kiingereza, na kwenye insha udhaifu wa matamshi haujulikani. Kwenye video unajulikana tangu salamu. Kama matamshi hayana alama, mhadhiri aandike hivyo kwenye maelekezo, maana hofu ya kuchekwa na kundi zima la WhatsApp imewafanya wenye akili nyingi wajifiche nyuma ya wenye midomo.

Kuhusu urefu na mapambo, upo utafiti unaosaidia. Mwaka 2014 Philip Guo, Juho Kim na Rob Rubin walichapisha uchambuzi wa mara milioni 6.9 ambazo watu walitazama video za masomo kwenye jukwaa la edX. Waliona watazamaji hawavumilii zaidi ya dakika sita hivi, na kwamba video iliyorekodiwa katika mazingira ya kawaida, mwalimu ameketi mezani kwake, inaweza kuwashika watu kuliko iliyorekodiwa studio kwa gharama kubwa. Hizo zilikuwa video za walimu, si kazi za wanafunzi, lakini kijana anayedhani amefeli kwa kukosa kamera ya maana ana cha kujitetea. Richard Mayer wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, naye ametumia miongo kadhaa kuonyesha namna akili inavyopokea picha na maneno kwa pamoja. Ukiweka maandishi yote kwenye skrini huku ukiyasoma, unamzuia mtazamaji badala ya kumsaidia. Yeye na Roxana Moreno walionyesha mwaka 2000 kwamba muziki na sauti za mapambo chini ya maelezo hupunguza kinachokumbukwa. Kwa hiyo ule mdundo wa Bongo Fleva unaowekwa chini ya sauti ili "isiboe" unaondoa alama mara mbili: mara moja kwenye uelewa, na mara ya pili kwenye hakimiliki ya mwenye wimbo.

Kisha sauti. Kama chuo kina uwezo wa kufundisha jambo moja tu la ufundi, lifundishwe hili, kwa sababu mtazamaji husamehe picha yenye ukungu lakini husikiliza maneno yasiyosikika kwa sekunde chache tu, kisha anaacha. Maiki ya simu husikia kila kitu kilicho karibu nayo kuliko wewe. Bwenini inasikia pangaboi, mlango wa jirani, redio ya chumba cha pili na mtu anayepiga pasi huku anaimba. Nje inasikia bodaboda. Mvua ikinyesha juu ya bati, kazi imekwisha. Zima pangaboi, vumilia joto dakika tano. Funga dirisha, tandaza blanketi mezani, tundika kanga ukutani, kwa sababu ukuta mtupu wa saruji unarudisha mwangwi. Muhimu kuliko yote, maiki iwe karibu na mdomo. Anayerekodiwa kutoka hatua nne atasikika yuko kisimani hata kwa simu ya bei ya juu. Wawili wanaweza kutumia simu mbili: moja inachukua picha kwa mbali, ya pili iko mfuko wa shati ikirekodi sauti. Mnapiga kofi moja mwanzoni, na wakati wa kuhariri mnalinganisha lile kofi ili midomo na maneno viende sawa. Waandaaji wa filamu hutumia kibao kwa kazi hiyo hiyo.

Mwanga hauna maneno mengi. Mtu aelekee dirishani, asilipe mgongo. Kamera za simu hujipimia mwanga zenyewe, na mtu mweusi akisimama mbele ya ukuta uliopakwa chokaa kamera inahangaikia ukuta, uso unabaki kivuli. Gusa uso kwenye skrini, ushikilie mpaka kamera ijifunge hapo. Hilo peke yake lingeokoa video nyingi za mabwenini yetu.

Hapa ndipo tunafika kwenye bando, ambalo wanaotoa kazi hulisahau na wanaozifanya hawalisahau hata usingizini. Hesabu ni hii. Simu nyingi zikiachwa kwenye ubora wa 1080 hutumia takriban megabiti 17 kwa sekunde, hivyo dakika tano ni kama megabaiti 640. Kwa intaneti inayopandisha megabiti 2 kwa sekunde, faili hilo linachukua zaidi ya dakika 40 kupanda, kama mtandao hautakatika katikati na kukurudisha mwanzo. Sasa video hiyo hiyo ipunguzwe hadi 720 kwa megabiti moja na nusu kwa sekunde, kwa programu ya HandBrake kwenye kompyuta au kwa kuchagua ubora wakati wa kuitoa kwenye programu ya kuhariria. Inakuwa megabaiti 56 na inapanda chini ya dakika nne. Aliyetumiwa ya kwanza na aliyetumiwa ya pili wataona kitu kimoja kwenye kompyuta zao. Tofauti imebaki kwa mwanachuo, ambaye katika hali ya kwanza amekula sehemu ya boom lake, yaani fedha zake za kujikimu, kununua bando, na tarehe ya Bodi ya Mikopo kuingiza tena haijulikani.

Kwa hiyo maelekezo ya kazi yaseme ukubwa wa faili kama yanavyosema urefu: "dakika tano, 720, isizidi megabaiti 80." Na chuo kikague mfumo wake. Vyuo vingi vyetu hutumia mfumo wa masomo wa Moodle, ambao unaendeshwa kwa lugha ya programu ya PHP, na PHP ikiachwa ilivyotoka kwa watengenezaji inakubali faili lisilozidi megabaiti 2. Msimamizi wa mfumo ndiye anayeupandisha ukomo huo, naye hawezi kujua kuna kazi ya video kama hakuambiwa. Makundi yenyewe yalishapata njia zake: yanarushiana vipande kwa Xender bila kugusa bando, na yanabeba kazi iliyokamilika kwenye flashi. Sioni aibu ya kupokea flashi mezani. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika na intaneti ikazorota Tanzania, Kenya, Uganda na kwingineko. Wiki kama hiyo, mhadhiri asiye na njia ya pili ya kupokea kazi anapima kilichotokea chini ya bahari.

Upande wa kusahihisha nao una hesabu zake. Darasa la watu 300, kila mmoja na dakika tano, ni saa 25 za kutazama bila kusimama hata kunywa maji. Hakuna anayefanya hivyo kwa uaminifu. Mtu ataruka mbele na kutoa alama kwa dakika ya kwanza. Wagawe sita sita, unapata video 50, saa nne na dakika kumi. Ndiyo maana kazi hizi huwa za makundi, na ndiyo maana ugonjwa wa makundi huzifuata: mwenye simu nzuri anageuka mpiga picha, mhariri na mtumaji, wawili wanaongea, watatu wanabebwa. Dawa isiyo na gharama ni kumtaka kila mmoja aandike nusu ukurasa: alifanya nini, kitu gani walikata na kwa nini. Aliyekuwepo hujaza nusu ukurasa huo bila taabu.

Mwongozo wa kusahihisha utolewe siku ya kwanza. Kwenye alama 20, naweza kuweka 9 kwa usahihi wa hoja, 5 kwa ushahidi au mifano, 4 kwa mpangilio na 2 kwa kusikika. Sifuri kwa urembo. Ukiandika "ubunifu: alama 5" bila kueleza, unalipa watu kwa simu waliyonunuliwa na wazazi. Na kati ya siku ya kutoa kazi na siku ya kuipokea, idai kitu kidogo: sekunde 30 za majaribio, zitumwe wiki ya kwanza. Ndani ya sekunde hizo utajua nani hasikiki, nani amesimama mbele ya dirisha, nani amelielewa swali vibaya. Marekebisho yake ni ujumbe wa mstari mmoja. Sijui msaada mwingine wenye faida kubwa hivyo kwa muda mdogo hivyo.

Yapo pia mambo ya sura na heshima. Zanzibar, Mombasa na popote pale, wapo wanafunzi ambao hawataki nyuso zao zizunguke kwenye simu za watu, kwa sababu ya dini, usalama au kwa kutopenda tu. Mikono, michoro na sauti viwatosheleze, bila kuomba ruhusa maalumu inayowatangaza. Mwanafunzi wa uuguzi asirekodi mgonjwa. Doli na mwenzake darasani wanatosha. Mwalimu mtarajiwa anayerekodi kipindi cha shule ya msingi ana watoto wa watu kwenye picha, hivyo ridhaa ya mzazi na ya mkuu wa shule si hisani. Kenya ina sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi tangu 2019, Tanzania tangu 2022, na vyuo havikusamehewa. Mwalimu huyo aweke kamera nyuma ya darasa, ielekee ubaoni.

Kwa kiziwi mambo yanageuka. Anayetumia lugha ya alama anaweza, pengine kwa mara ya kwanza chuoni, kujibu swali kwa lugha yake mwenyewe mbele ya kamera, mradi yupo wa kuitafsiri kwa msahihishaji. Kwa asiyeona, kazi ile ile inaweza kuwa mateso ya kutafuta kama amekaa ndani ya picha. Ampate mwenzake wa kushika simu, na alama zake zitoke kwenye anachosema.

Ni nani basi abebe kazi ya kusaidia? Pennsylvania State University ya Marekani ilibuni chumba inachokiita One Button Studio. Mwanachuo anaingia na flashi, anaichomeka, anabonyeza kitufe kimoja, taa zinawaka na kamera inaanza. Akimaliza anabonyeza tena, anachomoa flashi na kuondoka na video yake. Kilichonivutia pale ni uamuzi wa kumwondolea mwanachuo ufundi ambao hakuja chuoni kuusoma. Chumba cha namna hiyo kwetu hakihitaji mitambo yao. Stoo ya maktaba iliyofunikwa mapazia mazito, stendi iliyofungwa sakafuni, simu moja nzuri ya chuo, maiki ya waya ya kubana kwenye kola, taa moja, na daftari la kujiandikisha dakika ishirini ishirini. Awepo mwanafunzi wa mwaka wa pili au wa tatu aliyepitia kazi hizi, alipwe kidogo kwa saa zake. Asipolipwa, atakuwepo wiki mbili tu na mitihani ikikaribia chumba kitafungwa.

Chumba hicho kingesawazisha pia lile ambalo alama haziwezi: mwenye simu ya kioo kilichopasuka na mwenye simu mpya wangetoka na picha moja.

Ile sababu ya kuukimbia udanganyifu wa insha, kwa upande wake, inapungua nguvu kila mwaka. Sora, programu ya kutengeneza video kwa akili bandia, ilitangazwa Februari 2024, na programu za kutengeneza sauti na sura za bandia zinazidi kupatikana kwa bei rahisi. Anayetaka ushahidi kwamba kundi limeelewa aongeze dakika tatu za maswali ya ana kwa ana baada ya kutazama, akimchagua wa kujibu yeye mwenyewe. Kwa makundi 50 hizo ni saa mbili na nusu. Ukijumlisha na kutazama, haifiki saa saba.

Palipo na kozi ambayo hata saa hizo hazipatikani, na ambayo hakuna cha kuonekana kwa macho, kama falsafa, historia au sheria, sioni kwa nini picha idaiwe. Rekodi ya sauti ya dakika tatu kwa kilobiti 64 kwa sekunde ni takriban megabaiti moja na nusu. Inapita WhatsApp bila kupunguzwa, inarekodiwa kwa simu yoyote, na mhadhiri anaweza kuisikiliza akiwa kwenye foleni ya daladala.